Sare za Sendofu

Ndugu msomaji, kama una mke, watoto, mama mkwe na bando la intaneti chini ya paa moja, huhitaji maelezo marefu. Sote tumo humo. Kwetu Tabata, ikifika saa nne usiku, taarifa ya habari imekwisha na vyombo vimeoshwa, mke wangu huegemea mto, huvaa miwani na kuingia sokoni. Soko lenyewe limo ndani ya simu. Lina gurudumu la bahati linalozunguka, lina saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na lina maandishi mekundu yanayotangaza punguzo la asilimia 80, vimebaki viwili tu, wahi. Ukimsemesha wakati huo anakuinulia kiganja. Ndiyo maana nyumba nzima inamwita Mama Oda, na jina limemkaa kiasi kwamba hata muuza genge hapo nje analitumia.

Mama Oda si mfujaji, na yeyote atakayesema hivyo mbele yangu tutagombana. Huyu ni mtu aliyelea watoto watatu kwa mshahara wa ualimu na huu wangu unaochelewa. Anajua bei ya unga katika kila duka kuanzia kwetu mpaka Segerea. Furaha yake kubwa duniani ni kupata kitu kwa bei ambayo mashoga zake wataikataa mpaka waoneshwe risiti. Mimi ni nani nimzuie mtu furaha yake? Nimeoa siku nyingi, najua mambo gani mume huulizwa na mambo gani huarifiwa.

Basi kwa njia hiyo tumearifiwa kikata vitunguu kilichokata kitunguu kimoja na nusu kikapumzika moja kwa moja. Tumearifiwa taa za kuning'iniza, vifuniko vya viti vya gari ilhali gari hatuna, na kebo ya ekstensheni yenye matundu manane ambayo ilianza kunuka siku pasi na jokofu vilipokutana juu yake. Mtoto wetu wa kati yuko darasa la sita. Tunamwita Fundi Bomoa, kwa sababu hakuna kitu kimeingia nyumbani asikifungue. Aliichukua ile ekstensheni, akatafuta skrubu za kufungulia, hakuziona. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Akaipasua kwa kisu cha jikoni. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa chache kiasi kwamba alizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, iliyobaki yote ni plastiki. Hakuna nembo ya shirika la viwango, TBS, hakuna jina la kiwanda, hakuna pa kupiga simu. Mdogo wake, kitinda mimba anayejiita Meneja, alichukua boksi akaondoka nalo. Yeye hukusanya maboksi, ndiye mtu pekee nyumbani ambaye kila mzigo unamfaa.

Lakini haya ni ya pembeni. Ninachotaka kukusimulia ni sare.

Shemeji yangu mdogo, dada yake Mama Oda wa mwisho, alipata mchumba. Mahari ikalipwa, na kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bi harusi, ikaundwa. Wewe unajua kamati za sherehe za Dar es Salaam. Zina nidhamu kuliko vikao vya kata. Mwenyekiti akawa mama mkubwa wa bi harusi, tunayemwita Spika kwa sababu hahitaji kipaza sauti. Mwekahazina, Mama Oda. Ukumbi wa vikao, sebule yangu. Wachangiaji, sisi wengine wote.

Ajenda ya sare ilikuja kwenye kikao cha pili. Rangi ilikuwa kijani cha zumaridi, hilo halikujadiliwa. Hesabu ya kwanza ilikuwa hivi: kitambaa cha Mtaa wa Uhuru pamoja na ufundi, shilingi 65,000 kwa mtu. Mama Oda akanyanyua simu. Gauni la rangi ileile, amevaa binti mwembamba amesimama ufukweni upepo unampepea, shilingi 23,000. Simu ikazunguka kwa akina mama, kila aliyeishika alivuta pumzi. Spika akasema, "Jamani, hapa kuna mjadala tena?"

Pembeni, kwenye kiti chake cha plastiki chenye mto, alikuwa amekaa mama mkwe wangu. Anaishi nasi tangu miguu ianze kumsumbua, na wajukuu wanamwita Bibi Urafiki. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa China kikafunguliwa mwaka 1968. Alikuwa mkaguzi wa vitambaa. Mpaka leo hasalimiani na mtu kabla vidole vyake havijapita kwenye ukingo wa nguo aliyovaa huyo mtu. Mimi mwenyewe siku ya kwenda kujitambulisha kwao nilikaguliwa kola ya shati kabla ya kuulizwa ukoo. Basi Bibi Urafiki akauliza, kwa sauti yake ya taratibu: "Kwenye hiyo elfu ishirini na tatu, mshonaji kabakiziwa ngapi?"

Swali hilo halikujibiwa. Spika alikuwa ameshaanza kusoma majina na saizi.

Nilikaa nalo mimi, kwa sababu usiku huo nilipewa godoro la sebuleni ili wajumbe waliotoka Kibaha walale chumbani kwetu, na usingizi haukuja. Nikawa napiga hesabu. Katika hiyo 23,000 toa kitambaa. Toa uzi na zipu. Toa umeme wa karakana na kodi ya jengo. Toa mfuko wa plastiki na stika. Toa faida ya mwenye karakana, faida ya wenye soko la simu, na hela ya matangazo yanayomfuata mke wangu mpaka kwenye mahubiri ya mtandaoni. Kinachobaki baada ya wote hao kula ndicho cha yule aliyekaa kwenye cherehani. Nilijaribu kuipanga upya hesabu ile ili abaki na kitu cha maana, ikanigomea.

Mzigo ulikabidhiwa kwa Shemeji Kontena, kaka yake Mama Oda. Zamani alishirikiana na wenzake kuleta kontena moja la vigae, na tangu hapo mazungumzo yake yote huanzia bandarini. Yeye ndiye anayejua mawakala: unalipa dukani kwa simu, mzigo unapelekwa kwenye ghala la wakala Guangzhou, unapimwa kilo kama unakuja kwa ndege, au ujazo kama unakuja kwa meli, kisha unaukuta Kariakoo. Ukimuuliza lini, anakujibu kwa jina la bahari. Tulisubiri tukiwa na Shemeji Kontena mezani kila jioni, akila, akituambia mzigo umeondoka, umepumzika, umepanda. Mama Oda alimwongezea mboga kila alipotaja ndege.

Sare zilifika Jumanne. Sherehe ilikuwa Jumamosi.

Boksi lilifunguliwa sebuleni kwa shangwe na vigelegele, Meneja akiwa amelishika kona ili lisipotee. Kila gauni lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndani ya mfuko mwingine. Harufu ya mafuta ya taa ikajaa chumba. Zumaridi zilikuwa za aina tatu: moja ya chupa ya soda, moja ya majani ya mgomba, na moja iliyokuwa buluu kwa mtu yeyote asiye mwanakamati. Saizi zilizoandikwa kubwa sana zilimfaa binti yangu wa kidato cha tatu. Spika aliingiza mkono mmoja, akaingiza kichwa, akabaki humo. Ilichukua watu wawili kumtoa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa kimya.

Bibi Urafiki akaomba moja. Akaigeuza ndani nje, akatandaza pindo la pembeni juu ya goti, akavaa miwani. Palikuwa na ncha ya uzi imejitokeza chini ya kwapa. Akaishika kwa kucha mbili, akavuta polepole. Mshono ukafunguka wote, trrr, kutoka kwapani mpaka kwenye goti, gauni likawa pazia. Akauinua ule uzi tuuone. "Tazama," akasema. "Mshono wa mnyororo, na mwisho hakurudisha nyuma. Kurudisha nyuma ni sekunde mbili. Huyu alijua kushona, mstari wake umenyooka. Hakupewa hizo sekunde mbili."

Ndugu msomaji, mimi nimesikia hotuba nyingi kuhusu haki za wafanyakazi, kila Mei Mosi nasikiliza. Hakuna iliyoniingia kama ile. Mama huyu hakumlaumu mshonaji hata kidogo. Aliusoma uzi, akamwona mtu.

Hapo ndipo binti yetu mkubwa, Neema, tunayemwita Mwanasheria kwa kuwa huwa haulizi bila kuwa na ushahidi mfukoni, alipoingia kwenye shauri. Alikuwa amesoma. Nguo zetu hazikutoka Shein, kampuni kubwa ya kuuza nguo mtandaoni, lakini Shein ndiyo imeandikwa sana, na aliyoyasoma yalihusu mfumo. Shirika la Uswisi liitwalo Public Eye lilituma watafiti kwenye karakana za Guangzhou zinazoishonea kampuni hiyo, ripoti ikatoka mwaka 2021. Walikuta watu wakifanya kazi mpaka saa 75 kwa wiki, wakipumzika siku moja kwa mwezi, wakilipwa kwa kipande. Sheria ya kazi ya China yenyewe inataka wiki isizidi saa 44 kabla ya kuhesabu ziada, na siku moja ya mapumziko kila wiki. Watafiti hao waliporudia uchunguzi wao, wakatoa matokeo mwaka 2024, saa zilikuwa bado 75. Mwaka huohuo Shein yenyewe, katika ripoti yake, ilieleza kwamba ilikuta visa viwili vya ajira ya watoto kwa wasambazaji wake mwaka 2023, ikasimamisha kwa muda oda zake kwao.

Bibi Urafiki alisikiliza mpaka mwisho. "Sisi Urafiki tulikuwa na shifti," akasema. "Kengele ikilia, unatoka. Ya kwako ikiisha anaingia mwenzako. Na waliotufundisha walikuwa Wachina." Kisha akatuonyesha kwa kidevu cherehani yake iliyo pembezoni mwa sebule, Butterfly ya chuma yenye kanyagio, iliyotengenezwa Shanghai, ambayo imeshona nguo za ubatizo za watoto wake wote na sare za shule za wajukuu. Haijawahi kupelekwa kwa fundi, mafuta anaitia mwenyewe. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wepesi wa kusema kitu kibovu ni kwa kuwa kimetoka China. Aliyetengeneza ile Butterfly na aliyeshona lile gauni wanatoka nchi moja. Mmoja alipewa muda wa kumaliza kazi yake.

Usidhani Mama Oda alinyamaza. Mke wangu hana desturi hiyo, nami nisingemuoa angekuwa nayo. Alisimama katikati ya plastiki zile akajitetea, na ninataka uyasikie maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu yana uzito.

"Mnanisomea Uswisi," akasema. "Mwambie Mswisi aje achangie sendofu. Kuna dada zangu humu wanauza maandazi, elfu sitini na tano ni mtaji wa mtu. Mlitaka wakae nyumbani? Na Kariakoo mnakonisifia, zile nguo za Mtaa wa Kongo zinatoka wapi? Si hukohuko Guangzhou? Na mitumba mnayovaa, Baba Neema, shati hilo ulilovaa, nani alishona? Ulimuuliza?"

Shati lilikuwa la mtumba, zuri, la Karume. Sikuwa na jibu la hapohapo, na kwenye ndoa jibu la kesho halihesabiwi.

Lakini nimelifikiria, na sasa nalisema kwa utulivu. Mama Oda ana haki katika jambo kubwa: mzigo huu hauwezi kutwikwa mama mwenye shilingi chache. Mwuza maandazi anayetaka kupendeza siku ya ndugu yake hajamnyonya mtu. Bei hiyo hakuipanga yeye. Ilipangwa na waliogundua kwamba mtu akioneshwa saa inayokimbia haulizi maswali. Mwanasheria alituambia kuwa Ufaransa, Julai 2025, iliitoza Shein faini ya euro milioni 40 kwa mapunguzo ya uongo, ikiwemo kupandisha bei kwanza halafu kuishusha na kuiita ofa. Mama Oda aliposikia hilo ndipo alipokaa chini. Mambo ya saa 75 yalimhuzunisha. Kudanganywa kwenye bei kulimuudhi binafsi. Anayejua bei ya unga mpaka Segerea hapendi kuchezewa hesabu.

Na kuhusu Kariakoo, ni kweli mizigo ni ileile kwa sehemu kubwa. Tofauti ni kwamba Kariakoo kuna mtu. Ekstensheni ya dukani ikinuka, Mama Oda anapanda nayo daladala, anaiweka juu ya kaunta, na mtaa mzima unajua ndani ya dakika tano. Mwenye duka analipa kodi ya fremu, anamlipa kijana wa kubeba mzigo, anaogopa TBS na anaogopa zaidi ulimi wa mteja. Kwenye soko la simu umeandika malalamiko, umeletewa kikaragosi chenye machozi na vocha ya kununua kingine.

Shemeji Kontena, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia la jikoni tangu Spika alipokwama, alijitokeza kuongeza la bandarini. Akasema Marekani ilikuwa ikiruhusu kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru, na vifurushi vya China vilifungiwa mlango huo Mei 2025. Ulaya nako, mwaka 2024 pekee, viliingia vifurushi vya bei ndogo bilioni 4.6, tisa katika kila kumi vikitoka China, na wakubwa wa huko wakaanza kutafuta namna ya kuvitoza. "Wakubwa wakifunga milango," akasema, "mzigo unatafuta mlango mwingine. Mlango mwingine ni sisi." Nimemsikia akisema mengi yasiyo na kichwa wala miguu kuhusu bahari. Hili la vifurushi alilisema vizuri, na akaongezewa mboga kwa haki.

Ikabaki sendofu. Siku nne, sare zimefumuka. Nani atatuokoa?

Barazani kwa jirani yetu anakaa Mzee Tepe, fundi cherehani, ambaye hajawahi kuonekana bila futikamba shingoni; wanasema hata msikitini huenda nayo. Alikuwa amesikia kuna sendofu na alikuwa ametegemea kazi ile. Alipoona wiki zinapita hatuji, alielewa, hakuuliza. Fundi wa mtaani hapati barua ya kupunguzwa kazini. Anaona tu wateja wanapita na mifuko ya plastiki, wanamsalimia, wanaendelea. Mama Oda na Spika walimwendea usiku wa Jumanne wakiwa na sare zote kwenye beseni. Mimi nilibeba beseni.

Mzee Tepe alizigeuza moja moja. Hakusema neno la kejeli, ingawa alikuwa na haki nalo. Alipanga: mishono yote ipitiwe upya na ovaloki, pembeni ziingizwe vipande vya kitenge cha kijani ili mwili upate nafasi, na zile za buluu zifunikwe mabega kwa kitenge hichohicho ili macho yadanganyike. Akakubali kulipwa kwa kipande. Akamwita kijana wake, wakawasha taa. Bibi Urafiki akaagiza Butterfly yake ipelekwe barazani, tukaibeba mimi na Shemeji Kontena, naye akakaa nyuma yake kupachika vishikizo na kukata ncha za nyuzi.

Saa nane za usiku wa Alhamisi niliwapelekea chai na mihogo. Mzee Tepe macho yalikuwa mekundu. Kijana wake alikuwa amelala kwenye mafungu ya vitenge, kichwa juu ya pasi iliyopoa. Nikasimama pale na birika nikaelewa kitu ambacho hesabu yangu ya godoroni haikunionyesha. Tulikwepa bei ya fundi, na bei hiyo haikufutika. Mtu wa Guangzhou aliilipa kwanza kwa kunyimwa sekunde mbili za kurudisha mshono. Mzee Tepe alikuwa anailipa mara ya pili kwa usingizi wake, akikimbizana kwa kipande, saa zilezile, kwenye mtaa wangu, chini ya taa ya jirani yangu. Bei ile ya chini imewala mafundi wawili, wa mbali na wa karibu, na mwisho wa hesabu, ukijumlisha kitenge, ovaloki na nauli za Shemeji Kontena, kila sare ilikuwa imeikaribia 65,000.

Sendofu ilikuwa nzuri, sitaki uwe na wasiwasi. Kitenge kile cha pembeni kilisifiwa na upande wa bwana harusi, wakauliza nani kabuni, Spika akasema kamati. Bi harusi alilia mahali pake, akacheka mahali pake. Mzee Tepe alialikwa, akaja na futikamba, akakaa meza ya wazee. Na mimi nilikaa karibu na Bibi Urafiki, ambaye kila mgeni aliyekuja kumpa mkono alishikwa ukingo wa nguo.

Mizozo yetu kuhusu jambo hili haijaisha, na sitarajii iishe. Vitambaa vya plastiki vya zile sare haviozi. Siku vikichakaa vitabebwa na gari la taka mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, na vitakaa huko kuliko ndoa yenyewe, ingawa naiombea ndoa hiyo miaka mingi. Bibi Urafiki hunung'unika kila akitajiwa pamba: inalimwa Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa marobota, kisha sisi tunarudishiwa poliesta kwa ndege. Viwanda vya nguo vya Mwanza na Musoma anavitaja kwa majina ya rafiki zake waliofanya kazi humo. Akianza hiyo, chakula cha usiku kinachelewa.

Mama Oda bado anaingia sokoni saa nne. Lakini Bibi amepitisha sheria, na kwa mila za nyumba yetu sheria ya Bibi haikatiwi rufaa. Kitu chochote kitakachoagizwa lazima kiwe na skrubu, yaani kifunguke na mtu wa mtaani aweze kukitengeneza, na Fundi Bomoa ndiye mkaguzi. Chochote kinachopitisha umeme, au kinachoingia mdomoni mwa mtoto, kinanunuliwa mahali ambapo unaweza kwenda kusimama mbele ya mwenye mali. Hilo liliongezwa na Mwanasheria, baada ya kusoma kwamba jiji la Seoul lilipima bidhaa za watoto za maduka ya namna hii mwaka 2024 likakuta kemikali zinazozidi viwango. Na nguo ya sherehe inaanzia kwa Mzee Tepe. Kama hela haitoshi, kamati inapunguza soda, haipunguzi ufundi. Wauza maandazi wanalipa kidogo kidogo kila mwezi, na Mzee Tepe amekubali, kwa sababu mtu unayemjua anaweza kukukopesha, na soko la simu haliwezi.

Hatutaimaliza dhuluma ya dunia hapa Tabata. Karakana za Guangzhou zinahitaji sheria zao zisimamiwe, kampuni hizi zinahitaji kuulizwa na serikali zenye nguvu, na yetu nayo iulize mzigo usio na jina la kiwanda unaingiaje. Lakini swali la mama mkwe wangu kila nyumba inaweza kuliuliza kabla ya kubonyeza, bure, bila bando: mshonaji kabakiziwa ngapi?

Kamati nyingine, ya ubatizo, imeshaundwa. Spika anaongoza, Mama Oda ana daftari la michango, vikao ni sebuleni kwangu, na mimi nimerudi godoroni. Mzee Tepe amepewa vipimo mapema na nusu ya malipo mkononi, na Bibi amemwekea sharti kwamba taa ya barazani izimwe saa tatu. Nusu ya pili nimearifiwa kwamba ni yangu. Nitailipa yote, kwa sababu bei inayomwacha fundi alale ndiyo bei ninayoitaka nyumbani kwangu.